Siku Tuliyobeba Kanisa Kichwani

Godoro likianikwa juani lina harufu yake. Ni sponji iliyopata moto, jasho la zamani, mafuta ya kujipaka, na mkojo wa mtoto ambaye siku hizi ana ndevu. Juzi niliwaanikia wanangu godoro lao kwenye balkoni wakanitazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Walitaka kujua nani amekojoa. Nikawaambia hakuna aliyekojoa, kisha nikajilaza juu yake mzima mzima, na magoti yangu haya yanayolia, nikafunga macho. Nilikuwa nimerudi Mashimoni, Kibera, na mama yangu alikuwa anaimba.

Wewe uliyelelewa kwenye plot ya bomba moja na choo kimoja huna haja ya kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba kwetu vitu vilitoka nje mara moja kwa mwaka, wiki ya Krismasi. Vilitoka vyote: godoro, meza, masanduku ya nguo, sufuria, vitambaa vya viti, hata picha ya harusi. Mama alibandua magazeti ya zamani ukutani, akakandika mahali udongo ulipokuwa umebanduka, akabandika magazeti mapya kwa uji wa unga wa ngano. Sisi watoto tuliruka juu ya godoro mpaka mtu achapwe. Vitu vikirudi ndani, chapati zilipikwa. Kwa hivyo kichwani mwangu mambo hayo yalikuwa yameshikana yakawa kitu kimoja: vitu nje, kuruka, chapati, Yesu amezaliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba vitu huweza kutolewa nje kwa sababu nyingine.

Mama alikuwa Mkamba wa Kitui. Baba alitoka upande wa ziwa, fundi wa mbao aliyetengeneza vitanda na kuviuza kando ya Ngong Road. Walikutana hapa hapa Nairobi, na lugha yao ya kupendana ilikuwa Kiswahili, kile cha mtaa, kisichojali ngeli wala nini. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia watu wakigombana kwa Kiswahili sanifu siamini kwamba wamekasirika kweli.

Mama alikuwa ameokoka kabla sijaanza shule. Kanisa lake lilikuwa chumba cha mabati chini ya reli, na lilijengwa kwa utaratibu ambao sijauona mahali pengine: kila familia ilileta bati lake. Ukiokoka leo, unaanza kutafuta bati. Kwa hivyo paa letu lilikuwa na mabati ya kila rangi na kila umri, mengine mapya yanang'aa, mengine yameliwa na kutu, na kila mtu akiinua macho wakati wa maombi alijua lake liko wapi. Letu lilikuwa upande wa kushoto, karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nikiwaonyesha watoto wengine kwa kidole, kwa majivuno ambayo sasa yananichekesha.

Mchungaji wetu aliitwa Pasta Elkana, Mmaragoli mfupi mwenye sauti kubwa, na siku za wiki aliuza viatu vya mitumba Soko la Toi. Kazi ile ilikuwa imemwachia tabia. Akikusalimia alianza kwa kutazama miguu yako, ndipo akapanda polepole mpaka usoni.

Mzee aliyelipatia kanisa kile kiwanja alipofariki, waliorithi walitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Hawakuja kuzungumza. Waliwatuma vijana. Asubuhi tulikuta mlango umepakwa kinyesi. Akina mama wakipita kwenda ibada walimwagiwa maji ya vyombo. Mara moja Pasta alisimama mbele yetu na shavu limefura, akatangaza kwamba Jumapili hiyo angehubiri kwa upande mmoja wa mdomo, na kweli akahubiri. Na kila tulipoanza maombi, mawe yalianguka juu ya paa.

Pasta alikuwa ametufundisha dawa ya mawe. Jiwe likigonga bati, kanisa zima linajibu, "Amina!" Wakirusha moja, Amina moja. Wakirusha mfululizo, Amina mfululizo, na mwenye ngoma anatafuta mapigo yake humo humo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilidhani ni sehemu ya ibada. Siku moja rafiki yangu alinipeleka kwao, kanisa kubwa la mawe lenye vioo vya rangi, na niliporudi nilimwambia Mama kwamba kule ni kuzuri sana, ila maskini hawana watu wa kuwarushia mawe.

Baba hakuwahi kuingia mle. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, na mtu asinisomee hivyo. Alikuwa mpole, msafi, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Lakini tulikuwa na mtoto mwingine nyumbani, mdogo wangu Daudi, na nimonia ilimchukua kabla hajajua kukaa. Watu wa kanisa walikuja wakatubebea mzigo wote. Waliimba njia nzima mpaka makaburini, tena si wimbo wa kilio, wimbo wa kupiga makofi, na aliyeuanzisha ni Mama mwenyewe. Baba alisimama upande wa pili wa shimo lile dogo, ametupa mgongo. Tangu hapo hakutaka kusikia wimbo ndani ya nyumba yake. Mama alikuwa akiimba huku anafua, na mara tu aliposikia kikohozi cha Baba kwenye kichochoro alikata wimbo katikati ya neno, kama mtu anayezima redio.

Basi ikafika siku tukaambiwa tuondoke kabla ya Jumapili, la sivyo tutabomolewa tukiwa ndani. Mwanamke mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa amehamia Kongo, kule Kawangware, alisema ana nafasi kando ya nyumba yake. Pasta akatuita. "Hatuhami kama wezi," alisema. "Tunahama kama watu wa harusi. Kila mtu abebe bati lake. Na mvae nguo za Pasaka."

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunakunywa chai. Mama alikuwa amevaa gauni lake la manjano. Baba alilitazama lile gauni kwa muda kabla ya kusema.

"Mama Rispa, hilo bati si uwaachie."

"Ni letu."

"Ni lako. Mimi sina bati kwa hao watu."

Mama alichukua kisu. Alinikatia mkate.

"Sikia," Baba alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Leo ukivuka Ngong Road na hao watu, ujue umehama pamoja nao. Ukirudi utapata vitu vyako nje."

"Nimesikia, Baba Rispa."

"Sikuulizi kama umesikia. Nauliza kama unaenda."

"Naenda," Mama alisema. "Na nitarudi."

Mimi sikuamini masikio yangu. Vitu nje, na hata Krismasi haijanukia. Nikauliza, "Baba, hata godoro?" Alinitazama kama aliyesahau kwamba nilikuwa pale. "Hata godoro," alisema, akainuka. Nilitoka mbio nikamwambia kila mtoto wa plot kwamba leo kwetu vitu vinatoka, waje jioni turuke. Jirani yetu Mama Vero alikuwa anasugua sufuria. Aliacha kusugua, akamtazama Mama, na Mama akatazama kwingine. Nilidhani Mama Vero anaona wivu kwa sababu mume wake hakuwahi kumsaidia hata kufagia.

Kanisa lilishuka upesi. Wanaume walipanda wakang'oa misumari, na mabati yakashushwa moja moja kama watoto wanaoshushwa kutoka kwenye lori, kila mtu akipokea lake. Wale vijana walikuwa wamesimama kando na mikono kifuani. Mmoja akauliza kwa kelele kama Mungu wetu ameshindwa kulipa rent. Pasta akawapungia mkono. "Vijana, niaje! Mngekuja mapema mtusaidie misumari. Nyinyi ndio mnaijua hii paa kuliko sisi." Wengine walicheka kabla ya kukumbuka kwamba walikuja kutukasirikia.

Mama alikunja leso, akaiweka kichwani iwe kata, wanawake wawili wakamtwika bati. Mimi nilipewa maua ya plastiki ya mimbari, yaliyokuwa ndani ya mkebe wa siagi. Mbele alikwenda mtu wa ngoma, nyuma yake Pasta na mabati mawili, lake na la ajuza mmoja aliyekuwa mgonjwa, kisha sisi. Tukapanda kutoka Mashimoni tukiimba.

Ningependa ungeliona lile jambo. Soko la Toi lilisimama. Wauza mitumba waliacha kutaja bei. Mtu mmoja akauliza, "Pasta, mnauza hizo mabati?" Pasta akajibu kwamba haziuzwi, lakini ukiokoka utaruhusiwa kubeba. Akina mama wa mboga walipiga vigelegele bila kujua sababu, kwa kuwa watu wakivaa vizuri wakaimba, lazima kuna bibi arusi mahali fulani. Mimi nilinyanyua maua yangu juu zaidi. Tulipofika Ngong Road upepo uliingia chini ya mabati, yakaanza kupiga kelele yenyewe, na watu wakayumba huku na huku wakishikilia kwa mikono miwili. Tukavuka. Nilimwona Mama akigeuka nyuma mara moja, akatazama tulikotoka, kisha akaendelea.

Njia ya kwenda mpaka Dagoretti Corner ni ndefu kwa miguu midogo, kwa hivyo nilianza maongezi. Nilimkimbilia Pasta nikamwambia habari njema yangu.

"Pasta, leo Baba anasafisha nyumba. Anatoa vitu vyote nje. Hata godoro."

Wimbo ukafa nyuma yetu, sauti moja baada ya nyingine. Pasta alisimama na mabati yake kichwani. Kwa mara ya kwanza hakuanza na miguu. Alimtazama Mama usoni moja kwa moja.

"Mama Rispa, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Rudi nyumbani, mama. Hilo bati nitabeba mimi."

"Pasta, una mawili tayari, na shingo ni moja."

"Bati si wokovu."

"Hata mimi najua," Mama alisema. Mkono wake ulikuwa umekatwa na ukingo wa bati, na damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kiwiko, karibu na gauni la manjano. "Lakini nikirudi leo kwa sababu ya uoga, kesho nitaambiwa nisiombe hata kimoyomoyo. Hapo nitarudi wapi tena? Twendeni. Jua linawaka."

Watu walibaki wamesimama. Ndipo Mama mwenyewe akaanzisha wimbo, na ulikuwa ule wa Daudi. Nilikuwa sijausikia tangu makaburini. Alianza na sauti inayotetemeka, akapata nguvu njiani, na wanawake wakamdaka kama wanavyomdaka mtu anayeteleza. Mpaka leo sijui jinsi ya kukueleza furaha iliyokuwa kwenye barabara ile. Haikuwa furaha ya watu ambao mambo yao yamenyooka. Nimekwenda harusi nyingi na sijaisikia tena zaidi ya mara chache. Nilikuwa mtoto, nilidhani watu wazima huwa hivyo Jumamosi.

Kongo walitupokea kwa chai ya maziwa na githeri. Mwenye nafasi, Mama Mutheu, naye alikuwa Mkamba, mkubwa wa mwili, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Wanaume walichimba mashimo ya nguzo. Mabati yaliegemezwa ukutani, na wakati nguzo chache tu zimesimama, tuliomba humo ndani, katika nyumba isiyokuwa na ukuta wala paa, watoto wa Kawangware wakitutazama kutoka pande zote nne. Hakuna aliyerusha kitu. Nilisikitika kidogo.

Tulipojiandaa kurudi, Mama Mutheu alimshika Mama mkono, ule uliofungwa kitambaa. Alizungumza Kikamba kwanza, kisha kwa ajili ya wengine akasema kwa Kiswahili, "Lala hapa na mtoto. Mwache apoe. Kesho tutatuma wazee."

Mama alifikiri. Nakumbuka alifikiri kweli, akitazama chini.

"Hapana," alisema. "Nisipofika nitakuwa nimejifukuza mwenyewe. Wacha niende nifukuzwe nikiwepo."

Wanawake hawakujua kama wacheke. Mama Mutheu ndiye aliyeanza, na machozi yakimtoka, halafu wote wakacheka, na Pasta akaomba maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kuomba. "Bwana, tangulia," basi.

Kurudi, Mama hakuimba. Alinishika mkono kwa nguvu kupita kiasi. Nilimuuliza kama tutapika chapati, akasema tutaona. Nilimuuliza kama Baba atakuwa amebandua magazeti, akasema tutaona. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa tulipoingia kwenye kichochoro chetu, na nilipoona kona ya meza yetu imetokeza nje, nilichomoka.

Vitu vilikuwa nje kweli. Masanduku, jiko, sufuria zimepangwa kubwa kwa ndogo, vitambaa vimekunjwa juu ya meza. Na katikati ya plot, kati ya bomba na kamba ya nguo, kilikuwa kitanda.

Sasa kile kitanda lazima nikieleze. Kilikuwa kipana kuliko mlango wetu. Baba alikijengea ndani ya chumba mwaka waliooana, kipande kwa kipande, na hakikuwa kimetoka tena, hata Krismasi. Krismasi kiliachwa kikapigwa maji kilipo. Kukitoa ilibidi kifunguliwe chote, mbao kwa mbao. Baba alikuwa amekifungua akakitoa. Halafu, huko nje, alikuwa amekifunga tena. Kilisimama imara, miguu yake minne sawasawa juu ya ardhi isiyo sawa, mmoja umewekewa kipande cha tofali. Godoro lilikuwa juu yake. Shuka lilikuwa limetandikwa na kuchomekwa pembeni, na blanketi limekunjwa miguuni.

Baba alikuwa ameketi mlangoni juu ya stuli, nyundo mapajani, hatazami mtu. Milango yote ya plot ilikuwa na watu ambao ghafla walikuwa na nguo za kufua. Mimi sikuwa na habari na hayo. Nilipiga kelele, "Krismasi!" nikaruka juu ya kitanda na viatu vyangu.

Mama alisimama karibu na bomba. Alitazama meza, akatazama sufuria zilizopangwa, akatazama kitanda. Kisha akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kwa kweli nafikiri plot nzima ilidhani hivyo, mpaka sauti ikamtoka. Alikuwa anacheka. Alicheka akashindwa kusimama, akaja akaketi ukingoni mwa kitanda huku ameshika tumbo.

"Unacheka nini?" Baba aliuliza.

"Nacheka fundi."

"Kitanda hakiachwi vipande vipande," Baba alisema, amekasirika. "Mbao zitapinda."

Hapo Mama akalala kabisa juu ya godoro, kando yangu, akicheka akitazama mbingu.

Baba akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nyundo ilikuwa imening'inia mkononi kama kitu alichosahau. "Wewe kila kitu ni kucheka," alisema. "Kila kitu ni kuimba. Hata Daudi tukimzika, uliimba. Mtoto yuko kwa shimo na mama yake anapiga makofi. Niambie ni moyo gani huo."

Niliacha kuruka. Mama aliinuka akaketi, akapangusa macho kwa kile kitambaa cha mkononi.

"Baba Rispa, ningenyamaza siku ile ningeruka ndani."

Baba alinyanyua macho akamtazama.

"Miguu yangu ilikuwa inaenda," Mama alisema. "Ilikuwa inaenda yenyewe. Nikasema, nikiendelea kuimba nitashikwa na wimbo. Hao watu walinishika na wimbo. Sikuwa na kitu kingine. Na wewe ulikuwa umegeuka, hukuona."

"Hukuniambia."

"Utaambiwaje na ukiingia nanyamaza?"

Baba aliweka nyundo juu ya stuli. Kisha alikuja akaketi upande wa pili wa kitanda, akatupa mgongo, akainama mbele akaweka uso katika mikono yake iliyojaa vumbi la mbao. Mama hakumgusa. Alisogea tu mpaka migongo yao ikaegemeana. Mimi niliona Baba amechoka, na ni kweli, kutoa vitu vyote peke yake si mchezo. Nikamwambia, "Baba, pumzika. Hapo umefika panatosha. Mimi na Mama tutafagia."

Alitoa sauti fulani. Sijui ilikuwa ya nini. Alipangusa uso kwa mkono wa shati, akasema, "Leta ufagio."

Na tukasafisha. Kwa kuwa vitu vilikuwa nje tayari, Mama alisema itakuwa dhambi kuvirudisha kwenye uchafu. Baba akabandua magazeti. Mama Vero akaacha kujifanya anafua, akaja na unga wa ngano wa kupikia uji wa kubandikia. Nilipeleka maji, nilimwaga mengi, sikuchapwa. Kitanda kikafunguliwa tena, kikaingia mbao kwa mbao, na mimi nikashika mkebe wa misumari. Mama alikuwa akipaka ukuta, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi mdomo wake ulianza kuimba wenyewe, polepole. Baba akaingia na mguu wa kitanda begani. Mama akakata wimbo katikati ya neno, kama kawaida yake.

Baba aliweka ule mguu chini. "Si umalizie," alisema.

Mama akamalizia.

Nisikudanganye kwamba Baba aliokoka siku hiyo. Hakuokoka. Kaka zake walimcheka miezi mingi kwamba ametawaliwa na mke, na alinuna alivyopaswa kununa. Lakini siku moja alitupeleka Kongo, akasema anataka tu kuona bati lake lilipowekwa. Mimi nilisikia vizuri, alisema lake. Akatazama viti vyetu, akasema ni aibu, akaanza kuvitengeneza nje wakati sisi tuko ndani, akigonga misumari. Pasta Elkana alivumilia kidogo, kisha akatuambia kwamba jiwe likigonga au nyundo ikigonga, jibu ni lile lile. Kanisa likajibu Amina. Kule nje nyundo ikasimama. Halafu ikagonga tena, mara moja, taratibu, kama mtu anayejaribu. Ilichukua viti vingi mpaka akaingia, na alipoingia aliketi nyuma kabisa.

Nashukuru. Sina neno lingine la maisha yale. Tulikosa vingi, na vingine nilikuja kujua tulivikosa nilipoona watu walio navyo. Lakini nililelewa na watu waliojua kufurahi, na furaha yao haikusubiri ruhusa ya mtu.

Mama sasa ni mzee, anaishi Kitui, na hatembei mbali. Baada ya kujilaza juu ya lile godoro la wanangu nilimpigia simu nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: siku ile, na kila mtu anatazama, na hajui atalala wapi, alichekea nini hasa?

Alicheka tena kwanza. Kisha akasema, "Rispa, hiyo siku nilikuwa nimeiogopa tangu niokoke. Nilikuwa naomba isifike. Njia yote kutoka Kawangware nilikuwa namwambia Mungu, usiniache, usiniache, na simsikii akijibu. Nikaingia pale nikaona kitanda. Na yule mwanaume, katika hasira yake yote, ameweka mto upande wangu. Nikasema, haya Bwana, hata kufukuzwa umenitandikia."